Hoteli za majumba ya kale Mji Mkongwe: unalipia uzee, sawa, ila hakikisha unaulalia

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata. Kwa ufupi anasema hivi: "Shikamoo. Mwezi wa kumi na mbili wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, sisi watoto tumechanga tunataka kuwapeleka Zanzibar wakapumzike siku mbili tatu. Nimeziona hoteli za Mji Mkongwe zilizo ndani ya majumba ya zamani, picha zinavutia balaa ila bei ni karibu mara mbili ya hoteli mpya za ufukweni. Mume wangu anasema tunalipia uzee tu. Mama ana miaka 66 na magoti yanamsumbua. Inalipa kweli? Na hapa Dar hakuna kitu kama hicho?"

Marahaba dada yangu, na hongereni kwa kuchanga, miaka 40 ya ndoa sio ya kumalizia na keki sebuleni. Mimi kazi yangu ni usanifu majengo, hasa ukarabati wa majumba ya zamani, kwa hiyo nakujibu kama mtu anayezijua hizi hoteli kuanzia kwenye boriti za dari mpaka chini kwenye msingi, sio kama ajenti wa safari. Bei zenyewe sitakutajia maana zinapanda na kushuka kila msimu.

Shemeji hajakosea, ni kweli mnalipia uzee. Ila swali lake halijafika mwisho. La kujiuliza ni kama huo uzee mnaoulipia wazazi wataulalia, au wataupita tu kwenye korido wakienda kunywa chai. Maana hoteli nyingi za namna hii duniani ni majengo mawili yaliyounganishwa, moja la kale ndo linapigwa picha, lingine jipya ndo lenye vyumba vingi, na wewe ukibuku kwenye simu unaona picha ya lile la kwanza unapewa ufunguo wa la pili. Sio utapeli, imeandikwa, ila imeandikwa kwa lugha ya "chumba cha kawaida", "chumba bora", nani atajua.

Chukua Park Hyatt pale Shangani, ilifunguliwa 2015, ina vyumba 67. Kuna jumba la Mambo Msiige, la karne ya 19, ndo lile unaloliona kwenye matangazo, na pembeni yake kuna jengo jipya kabisa linaloitwa Zamani Residence, jina la zamani lakini jengo la juzi (na UNESCO walilalamikia sana ule ujenzi, maana Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000). Nenda Mumbai, Taj Mahal Palace, jengo maarufu ni la 1903 lakini pembeni kuna mnara wa miaka ya 70, na bei za pande hizo mbili hazilingani. Istanbul kuna kasri la Çırağan, liliungua 1910 likakaa gofu miaka na miaka, leo ni hoteli ya kifahari kweli, ila wageni wengi wanalala jengo la kisasa la jirani, ndani ya kasri lenyewe kuna vyumba vichache vya bei ya kutisha. Kwa hiyo hii sio tabia ya Wazanzibari, ni hesabu ya biashara, jumba la kale halitoi vyumba vya kutosha kurudisha hela.

Na kwa nini halitoi? Mara nyingi jibu ni bafu. Nikupe mfano wa London, pale stesheni ya St Pancras kulikuwa na hoteli inaitwa Midland Grand, ilifunguliwa 1873, kwa wakati wake ilikuwa mwisho wa maneno, lakini watu walikuwa wanaletewa maji ya kuoga chumbani kwenye mabeseni. Zama zikabadilika, kila mgeni akataka bafu lake, na zile sakafu zilivyojengwa nene na ngumu kupitisha mabomba ikawa kazi isiyowezekana kwa hela iliyokuwepo, hoteli ikafungwa 1935 ikageuzwa ofisi za reli. Miaka ya 60 wakataka kulibomoa kabisa, likaokolewa kwa kuwekwa daraja la juu kabisa la ulinzi 1967, ila limerudi kuwa hoteli 2011 tu, na hapo pia waliongeza upande mpya ili vyumba vitoshe. Yaani jumba linaweza kufa kwa sababu ya mabomba ya choo.

Sasa rudi kwetu. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama nusu mita au zaidi, na sakafu na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuuvuta, ndo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita 3 hivi. Ukimwona mtu analalamika "chumba cha kifahari mbona kimebana" jua halalamikii hoteli, analalamikia mti. Na mwenye hoteli haruhusiwi kuvunja ukuta aunganishe vyumba viwili anavyotaka, kwa sababu mpango wa hifadhi wa 1994 uliyapanga majengo muhimu kwa madaraja na kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985 ambayo ukitaka hata kubadilisha dirisha unaenda kuomba kibali. Hivyo bafu linaingizwa popote linapoenea, kwenye stoo ya zamani, kwenye kona ya chumba, mara nyingine limepandishwa kwenye kijukwaa ili mabomba yapite chini, na hapo ndo unakuta kidaraja cha ghafla mlangoni mwa bafu, usiku, taa hujui iko wapi, na mama ana magoti. Hicho kidaraja kina hatari kuliko ngazi zote za jengo.

Ngazi nazo tuzungumze kwa kirefu maana ndo kiini cha swali lako. Ngazi za majumba ya wafanyabiashara wa zamani ni kali, nyembamba, za mbao au mawe, na vidaraja havilingani, kimoja kirefu kingine kifupi, mguu hauzoei. Lifti ni nadra kwa sababu shimo la lifti linakata boriti kuanzia chini mpaka juu. Utasema basi nitaomba chumba cha chini. Hapo ndo pana mtego, kwa sababu nyumba hizi hazikujengwa watu walale chini. Chini palikuwa stoo ya bidhaa, duka, ofisi ya karani, sehemu ya watumishi. Familia ilikaa juu, kwenye upepo na mwanga, na kadri unavyopanda ndivyo madirisha yanavyokuwa makubwa. Chumba cha chini leo hata ukikipaka rangi nzuri na kukiwekea samadari ya kuchonga bado ni stoo, kina giza, kinasikia kila pikipiki ya kichochoroni, na kina unyevu. Kwa hiyo mama mwenye magoti anawekwa kwenye chumba kibaya zaidi cha jumba zuri, kwa bei ile ile. Mimi hili linaniudhi na hoteli chache sana zinakuambia mapema.

Unyevu wenyewe unautambua hivi. Ukiingia chumbani angalia ukuta karibu na sakafu, usawa wa goti kushuka chini. Ukiona rangi imefanya mapovu, ipapase, ikimomonyoka kama unga mweupe mkononi hiyo ni chumvi. Matumbawe yametoka baharini na mchanga pia, maji yanapanda kutoka ardhini yakibeba chumvi. Chokaa haina shida, inapumua, maji yanaingia yanatoka. Lakini fundi wa haraka haraka akipiga plasta ya simenti juu yake maji yanakosa pa kutokea, yanatafuta njia nyuma ya plasta, ukuta unaoza kwa ndani huku nje unang'aa. Afu wanaweka AC, wanaiwasha nyuzi 18 kutwa, ukuta unapoa, hewa ya joto ya Zanzibar ikigusa pale inageuka maji, na ukungu unaanza nyuma ya kabati. Kuna hoteli moja ya bei mbaya tu nimewahi kuikagua, wenyewe walikuwa wanapaka rangi upya kila baada ya msimu na kuchoma ubani kwenye vyumba wageni wakidhani ni ukarimu wa pwani, kumbe wanafukuza harufu. Ukisikia ubani mkali saa nne asubuhi, vuta pumzi mara ya pili.

Hii ndo sababu bei zipo juu, na hapa naitetea kidogo sekta. Ukarabati wa kweli ni chokaa, na chokaa inataka subira, inalowekwa, inapigwa tabaka jembamba, inasubiriwa ikauke, ndo lingine. Mafundi wanaoijua vizuri sio wengi. Lori haliingii vichochoroni, kila mfuko na kila jiwe linafika kwa mkokoteni na mgongo wa hamali. Na ukikwepa gharama hizo mwisho wake tumeuona, Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, mchana kweupe. Kwa hiyo hoteli inayotunza jengo lake vizuri inachoma hela ambazo hoteli mpya ya Nungwi haijui hata kama zipo, na vyumba vya kugawania hiyo gharama ni vichache.

Ila usitishike, mimi mwenyewe nazipenda. Ukipata chumba cha juu kwenye jumba lililokarabatiwa kwa adabu, ukuta mnene unakaa na ubaridi wa usiku mpaka saa sita mchana bila hata AC, dari iko juu kabisa, unafungua zile shata za mbao upepo wa bahari unapita chumba kizima unatokea upande wa pili, na hapo unaelewa kwamba waliojenga walikuwa wanajua fizikia kuliko sisi na vioo vyetu vya Posta. Hicho hoteli mpya haina na haiwezi kununua.

Kelele nisikufiche, misikiti ipo karibu na madirisha mengi ni mbao bila kioo, adhana ya alfajiri mtaisikia vizuri sana. Baba yangu angefurahi, wa kwako unamjua wewe. Gari halifiki mlangoni kwa hoteli nyingi za ndani ndani, ulizia mtatembea umbali gani.

Hoteli zenyewe sasa. Emerson on Hurumzi ni jumba la Tharia Topan, yule tajiri aliyekuwa msimamizi wa forodha wa Sultan, lina mgahawa juu ya paa na machweo ya kule juu ni ya kukumbukwa, lakini kwa ngazi zile mama mwache, labda baba apande peke yake apige picha amletee. Tembo pale ufukweni sehemu yake ni jengo la 1834 lililowahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani, ina bwawa, ipo kando ya barabara gari linafika, na haiuzi pombe, kama wazazi hawatumii hiyo ni faida, mnakaa kwa utulivu. Serena Shangani ilifunguliwa 1997 kwa hela za mfuko wa Aga Khan, iko kwenye majengo mawili ya zamani, moja lilikuwa ofisi ya simu za nje enzi za Waingereza na lingine lilikuwa makazi ya madaktari wa Kichina, na hapa kuna jambo la kitaalamu linalokusaidia: jengo lililojengwa kama ofisi ya serikali ya kikoloni kwa kawaida lina ngazi pana za mwinuko wa polepole, korido pana, vyumba vinavyolingana, kuliko nyumba ya mfanyabiashara iliyoongezwa ghorofa vizazi kwa vizazi. Kwa mtu wa magoti hilo linashinda nakshi zote za mlangoni. Park Hyatt ndo kama nilivyosema, mkienda hakikisheni mmeandikiwa Mambo Msiige kwa jina, la sivyo mtalala kwenye jengo jipya kwa bei ya historia. Ingawa kwa mama, nikuambie ukweli, jengo jipya linaweza kuwa afadhali, basi mjue tu mnachonunua.

Hapa Dar. Hakuna, na kuna sababu. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863, na mji wetu Sultan Majid alianza kuujenga miaka hiyo hiyo ya 1860, majumba yake ya kwanza yamekuja miaka michache baada ya huo mstari. Kwa hiyo jengo la Dar halilindwi kwa umri wake, mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na lililotangazwa linaweza pia kuondolewa. Ongeza na 1971, majumba ya kupangisha yalipotaifishwa yakawa ya Msajili wa Majumba, kodi ndogo, matengenezo hakuna, paa zikavuja miaka 20, baadaye viwanja vya Samora na Kisutu vikapanda bei kuliko nyumba zilizo juu yake. Unajua kilichofuata, minara ya vioo. Hata New Africa unayoiona leo imekaa pale ilipokuwa hoteli ya Wajerumani, Kaiserhof ya 1906, jengo lenyewe halipo tena, kimebaki kiwanja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jengo la kale kuliko yote mjini, Boma la Kale pale Sokoine Drive la 1866 na 1867, lilijengwa kwa ajili ya kulaza wageni wa Sultan Majid. Yaani Dar ilianza na nyumba ya wageni, matumbawe, boriti na mlango wa kuchonga, na ipo mpaka leo, ila sasa ni kituo cha urithi wa majengo, hailazi mtu. Na ni hapo hapo karibu na mnapopandia boti, wapitisheni wazee kabla ya kuondoka, sehemu kubwa ya mnachokwenda kukiona ng'ambo mtakiona hapo kwa dakika chache.

Kama boti ni shida, kuna Kilimanjaro pale Kivukoni, ilifunguliwa 1965, leo ni Hyatt. Watu hawaihesabu kama jengo la kihistoria kwa sababu ni zege, lakini ndo hoteli ya nchi changa, wazazi wako walikuwa watoto wadogo ilipofunguliwa, na ina lifti. Ndani imebadilishwa sana, usitegemee fenicha za enzi za Mwalimu.

Ushauri wangu kwenu: usiku mmoja tu Mji Mkongwe, kwenye jengo lililokuwa ofisi au lenye chumba ghorofa ya kwanza kwa ngazi za kawaida, usiku unaobaki hamieni hoteli mpya ya ufukweni yenye vyumba vya chini, mama atembee mchangani. Msiigawanye hela ya kifahari kwenye kila usiku, ule mmoja mlipie chumba kizuri cha upande wa kale, sio siku tatu za chumba cha bei ndogo kilichogeukia ukuta wa jirani. Ulizieni bei ya wakazi, hoteli nyingi zinayo ila haionekani kwenye zile tovuti za kubuku za nje, lazima upige simu na vitambulisho mwende navyo. Na ulizeni kama kodi na tozo za kila usiku zimo ndani ya bei, msije mkashtuka asubuhi ya kuondoka. Kati ya Krismasi na mwaka mpya bei inaruka, kama tarehe ya ndoa ni mwanzoni mwa Desemba mshukuru Mungu. Mwezi wa nne ni rahisi zaidi lakini ni masika, na ule unyevu niliokueleza ndo unakuwa kwenye sherehe yake.

Kabla ya kutuma hata shilingi, waandikie watsapu hivi, nakili kama ilivyo: "Habari, nahitaji chumba cha watu wawili kwa wazazi wangu, mama ana shida ya magoti. Naomba mniambie chumba ni namba gani, kipo jengo la zamani au jipya, ghorofa ya ngapi, kuna ngazi ngapi kutoka mapokezi, na mlangoni mwa bafu kuna kidaraja au hakuna. Naomba pia video ya chumba hicho hicho, mtu aanze kurekodi akiwa mapokezi mpaka afike bafuni." Wakikutumia video ambayo mtu anahema akifika juu, umeshapata jibu. Wakikutumia zile picha za kwenye matangazo, jaribu hoteli inayofuata, na anza wiki hii maana vile vyumba vichache vya kweli ndo vinavyoisha mapema Desemba.